Gauni Lililofuliwa

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alivua sare yake, akaingia kibandani kumsaidia baba yake, dobi. Baba alipiga pasi, yeye akakunja shuka za wateja. Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa kuwa domo lake halikujua kupumzika. Tangu mama afariki, domo hilo lilinyamaza, na kwa baba yake lilitiwa kufuli kabisa.

Chanzo kilikuwa gauni. Baada ya mazishi, Chiriku aliweka gauni la mwisho la mama chini ya mto wake. Lilikuwa bado na harufu yake, jasho kidogo na mafuta ya nazi, naye hakupata usingizi mpaka alinuse. Siku moja alirudi akalikuta kambani, limefuliwa na kusuuzwa, linanukia sabuni kama nguo ya mteja yeyote.

"Umemfua mama!" alipiga kelele. "Umemmaliza!"

Baba alisimama na povu mikononi. Dobi akiona nguo chafu huitia majini, ndivyo mkono ulivyozoea. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo Chiriku alimjibu kwa kutikisa kichwa tu.

Wiki chache baadaye alikuja mtawa wa Kibudha, mama wa makamo aliyenyoa kichwa, kuchukua mapazia ya nyumba ya ibada ya watawa wenzake. Baba alikuwa amekwenda bombani. Mtawa alimtazama Chiriku akikunja kwa hasira.

"Pazia limekukosea nini, binti yangu?"

Chiriku akayamwaga yote. Mtawa alimsikiliza, kisha akasema, "Sisi hujikumbusha kila siku kwamba tutakufa, na kwamba kila tukipendacho tutaachana nacho. Harufu ile ingetoka tu, hata bila sabuni."

"Maneno hayo yatamrudisha mama?"

"Hayatamrudisha. Hakuna la kumrudisha." Mtawa aliketi. "Mimi nilifiwa na mwanangu kabla sijawa mtawa. Nilidhani uchungu ni wangu peke yangu, nikamfungia mlango baba yake. Akafa hatujapatana."

"Baba yangu hata hakulia," Chiriku alisema kwa uchungu.

"Nililia," sauti ilisema nyuma yao. Baba alikuwa mlangoni na ndoo zake mbili. "Nilikwisha kulitia majini ndipo nikakumbuka. Nikalitoa mbio, nikalinusa. Ilikuwa sabuni tupu. Nililia mpaka maji ya beseni yakapoa. Nami kabla ya hapo nilikuwa sijalinusa hata mara moja, mwanangu. Niliogopa."

Chiriku aliliweka pazia chini. Siku zote hizo alihesabu msiba wake tu, wa baba hakuuona.

"Msiuogope msiba, utazameni," mtawa alisema, akibeba mapazia yake. "Aliyekufa hahitaji tena msamaha wenu. Anayeuhitaji ni aliye hai, naye hakai milele."

Mtawa alipoondoka, Chiriku alimtazama baba yake: mvi karibu na masikio, vidole vilivyopasuka kwa sabuni. Huyu naye atakufa. Wazo hilo lilimchoma, wala hakulifukuza.

"Nipe ndoo moja, baba," alisema. "Umechoka."