Kisu Katika Milanzi ya Sila

Funga kwanza huo mlango, halafu uniapie. Usiape kwa Biblia, maana Biblia watu wanaiapia uongo kila siku. Apa kwa huo mdomo unaolia chakula, kwamba haya hayatoki hapa. Letisia naye aliniapisha hivyohivyo tukiwa tunamenya viazi. Niliapa mpaka nikajisikia mtakatifu, na viazi vilikuwa havijachemka nilipokwisha kumwambia Yudita wa dukani. Sasa nakwambia wewe. Jambo kama hili halikai kwenye kichwa kimoja, linatafuta pa kutokea.

Letisia unamjua, mke wa Filbert, yule aliyeendesha malori miaka yote hapa Makambako. Filbert alipostaafu hakununua ng'ombe kama watu wengine. Alinunua Coaster kuukuu, akang'oa viti vyote, akaweka kitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo na mapazia ya kitenge. Mbele akaifunga honi ya lori lake la zamani. Watoto wa mtaa wakaiita Nyumba Yenye Honi. Letisia alilalamika mwezi mzima, kisha akaanza kuchagua mashuka.

Safari yao ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili. Walikuwa wanakwenda Mawengi kumwona binti yao Lightness, aliyekuwa amejifungua, na wangelala usiku mmoja Kifanya, shambani kwa Hyasinta, dada mkubwa wa Letisia. Waliondoka asubuhi, jua limetoka vizuri. Filbert akawa anayapigia honi malori yote aliyoyatambua, na madereva wanamjibu. Njombe mjini walinunua mahindi ya kuchoma. Letisia alichemsha chai humohumo garini wakiwa wameegesha, watu wakichungulia dirishani kama wanaangalia televisheni. Aliniambia, "Mama, siku ile nilijiona mke wa waziri."

Walifika Kifanya saa kumi jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka tayari. Uani kwa Hyasinta palikuwa na watu, nao hawakuwa watu wa kucheka: wazee wanne wa ukoo wa Sila, marehemu mume wa Hyasinta, wamejifunika mablanketi, wanaota moto. Waliitikia salamu bila kuinua macho.

Hyasinta akamvuta mdogo wake jikoni.

"Wamekuja kunifukuza," alinong'ona.

Sasa nisikilize vizuri. Sila alikuwa mgema. Huko chini ya shamba aliacha milanzi, ile mianzi inayotoa ulanzi, pombe yetu. Mlanzi unagemwa ukiwa bado mchanga: unaukata ncha, unauning'inizia mbeta, kile kikombe kirefu cha mwanzi, na ulanzi unadondokea humo. Asubuhi unaukata tena kidogo, jioni tena. Ukiuacha, kidonda kinafunga na mlanzi unanyamaza. Sila alikufa mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeanza, na tangu siku ile hakuna aliyegusa kisu. Hata hivyo milanzi haikunyamaza.

"Kila asubuhi mbeta zimejaa," Hyasinta alisema. "Ezekieli, yule mdogo wake Sila, ndiye anayezileta, anawaonyesha watu. Anasema ni Sila anayegema. Anasema nimemfanya msukule, nimemficha, ananifanyia kazi usiku."

"Ezekieli? Si alikuwa anakuita mama huyu?"

"Alipokuwa hana wazo la kupanda parachichi hapa. Kesho alfajiri wazee wanashuka kuangalia. Wakikuta milanzi imekatwa upya, natoka hapa na begi. Miaka thelathini na moja, Letisia."

Kwenye msumari nyuma ya mlango palikuwa patupu. Hapo ndipo lilipokuwa likining'inia koti refu la mvua la Sila. Lilitoweka wiki ya msiba. Hilo nalo Ezekieli alilitaja mbele ya watu: kama si msukule, nani amelivaa?

Walipokula, Ezekieli ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote. Alimjazia Filbert ugali, akamsifia gari.

"Shemeji, usilale hapa juu, pana matope. Teremsha gari kule kwenye milanzi, pako tambarare."

"Kwenye msukule?" Filbert akacheka. "Mimi nimelala mlimani Kitonga na lori la mbao lililokatika ekseli. Huyo msukule aje, nitampa chai."

Hakuna mzee aliyecheka.

Hyasinta aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi ya gari. Akamshika Letisia mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Alikuwa ananiwekea mbeta yangu, unakumbuka? Anaifunika kwa jani la parachichi, nyuki wasiingie. Miaka yote." Akatazama milanzi. "Ukisikia kisu usifungue mlango. Mimi nikikisikia, ndipo napata usingizi."

Akaondoka. Letisia akabaki kwenye ngazi, na wazo baya likamwingia. Je, kama ni kweli? Mtu gani anasikia kisu cha marehemu mumewe akapata usingizi? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, lakini alifunga mlango kwa makomeo mawili.

Baridi ya Kifanya huijui wewe. Pumzi zao ziliganda kwenye vioo, vikawa vyeupe kama vimepakwa chokaa. Manyunyu yakaanza juu ya bati la gari. Filbert alikoroma. Letisia hakulala. Alikuwa anasali rozari kwa vidole, amefika fungu la tatu, manyunyu yaliponyamaza.

Chwa.

Kisu kwenye mwanzi.

Alingoja. Pengine ni tawi.

Chwa. Karibu zaidi.

Kisha hatua kwenye majani mabichi. Polepole. Zikalizunguka gari. Zikasimama upande wa kichwa chake. Kitu kigumu kikagonga kioo, mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi akiwa na hakika kwamba yumo mtu.

Alimziba Filbert mdomo kwa kiganja. Filbert akafungua macho, akasikia, akaacha kupumua.

Hatua zikaondoka.

Chwa.

"Ni yeye," Filbert alinong'ona. Yule wa Kitonga, sauti imekuwa ya kitoto. "Mama Lightness, tutakufa."

Letisia akafuta kioo kwa ncha ya kidole. Tundu dogo, la ukubwa wa sarafu. Akaweka jicho.

Aliliona koti. Koti la Sila, refu mpaka chini ya magoti, kofia yake imefunika uso. Mwanga mdogo ulitoka mahali penye mdomo, ukamulika mlanzi. Mkono ukainuka na kisu. Ukakata. Mkono mwingine ukaning'iniza mbeta.

Hapo Letisia alikaribia kupiga kelele. Kitu fulani kikamzuia. Alitazama tena ule mkono wenye kisu.

Sila alikuwa wa mkono wa kushoto. Alipigwa shuleni kwa ajili hiyo na hakubadilika. Alilima kwa kushoto, alikula kwa kushoto, mpaka wazee wakimtania kwamba hata peponi ataingia kwa mlango wa nyuma. Na milanzi yake ilijulikana Kifanya nzima, kwa kuwa kovu lililalia kushoto.

Huyu alikuwa anakata kwa mkono wa kulia.

"Baba Lightness," alinong'ona. "Marehemu hajifunzi mkono mpya kaburini. Huyo ni mtu. Nenda mbele."

Filbert akatambaa kwa magoti kuelekea usukani. Letisia akabaki na jicho kwenye tundu. Alijua sasa: dada yake hana kosa. Kosa lilikuwa lake, kwa kumwaza vibaya.

Mtu wa koti alikuwa ameinua kisu kwa mlanzi mwingine. Kisu kikabaki hewani. Hakukata.

Chwa.

Letisia aliisikia vizuri. Ilitoka nyuma kabisa ya milanzi, kwenye giza. Na huyu wa mbele hakuwa amesogeza mkono.

Mtu wa koti akageuza kichwa kule nyuma. Mwanga mdomoni mwake ukaanza kutetemeka.

Chwa. Taratibu. Kama mtu anayemalizia kazi yake, asiye na haraka na yeyote.

"Washa!" Letisia akasema kwa sauti. "Filbert, washa!"

Taa kubwa zikawaka. Honi ya lori ikalia, ikalia, bonde lote likaitikia. Mbwa wakaamka mpaka ng'ambo. Wazee wakateremka mbiombio na mablanketi na mapanga, majirani nyuma yao, na Hyasinta peku, rozari imezunguka kiganjani.

Na katikati ya mwanga, mgongo kwa milanzi, akawa amesimama Ezekieli. Koti la kaka yake mwilini. Simu yenye tochi imebanwa menoni. Kisu mkono wa kulia, mbeta mkono wa kushoto, ulanzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakukimbia. Watu walishangaa hilo baadaye, kwamba hakujaribu hata kukimbia. Aliwasogelea.

Mzee Timoth, mkubwa wa ukoo, alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Kamwene, Ezekieli," akamsalimu, kama wamekutana sokoni.

Simu ikaanguka matopeni. "Kamwene, baba."

"Kwa hiyo msukule ni wewe."

Ezekieli akapiga magoti. Alikiri yote palepale, bila kuulizwa mara mbili: koti, mbeta, kugonga kioo ili wageni wa mjini wawe mashahidi, na shamba alilotaka kupanda parachichi. Wanawake wakaanza kumzomea. Mmoja akamtupia tope. Hyasinta alikuwa anatazama juu ya kichwa cha Ezekieli, nyuma ya milanzi.

"Umekata mingapi leo?" Mzee Timoth akauliza.

"Kumi na miwili. Nilikuwa naanza wa kumi na tatu, ndipo..."

"Ndipo nini?"

Mzee akaokota ile simu, akaingia nayo kwenye milanzi, akihesabu kwa sauti. Watu walimsikia. Mmoja, kulia. Wa pili, kulia. Mpaka wa kumi na miwili, kulia. Kisha hatua zake zikaendelea mpaka mwisho kabisa, kwenye mlanzi uliochipua kwenye shina la kwanza kupandwa na Sila. Sauti yake ikakatika.

Letisia alikwenda, na Hyasinta akamfuata.

Ncha ilikuwa imekatwa, mbichi, bado inadondosha. Kidonda kililalia kushoto. Chini yake ilining'inia mbeta iliyojaa, na mdomo wa mbeta ulifunikwa kwa jani la parachichi. Manyunyu yalikuwa yamelowesha kila kitu bondeni, nywele zao, majani yote, kamba yenyewe ya ile mbeta.

Hyasinta akaligusa lile jani kwa kidole. Lilikuwa kavu.

Nyuma yao, kwenye mwanga, mbele ya ukoo mzima, Ezekieli alikuwa bado amepiga magoti na kisu chake mkononi, anarudia neno moja tu kwa kila aliyemkaribia:

"Huo sikuufikia. Jamani, huo mimi sikuufikia."