Sisimizi Jikoni kwa Mama Keki

Mama Keki hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata akikaa, mguu wake ulicheza. Lakini siku hizi alizidi. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, aliingia jikoni, akaligonga kopo la sukari kwa kidole, akafunua kifuniko taratibu.

"Wamo?" mama mkwe wake aliuliza kutoka chumbani.

"Wamo, Mama."

"Wamelala au wameamka?"

"Wanatembea juu ya sukari kama wako sokoni!"

Walikuwa sisimizi. Wadogo, wekundu, kama chembe za majani ya chai zilizoota miguu.

Watu walimwita Mama Keki kwa sababu ya kazi yake. Alioka nyumbani keki za harusi na za siku ya kuzaliwa. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya jiko. Mama wa fundi, ambaye wote walimwita Bibi, aliishi nao. Na alikuwepo Kitinda, mtoto wao wa mwisho, msichana aliyekuwa ameanza kutembea juzi juzi. Kila alichookota, Kitinda alikionja.

Nyumba nzima haikutulia. Fundi alikung'uta viatu kabla ya kuvaa. Bibi alikung'uta shuka kabla ya kulala, na tena baada ya kulala. Hata mgeni akiingia akaketi, baada ya muda alianza kujikuna, ingawa hakuna kilichomuuma.

"Sisi hapa ni wapangaji," Bibi alisema. "Wenye nyumba ni hao."

Wengine walicheka. Mama Keki hakucheka. Alikuwa anawaza keki.

Siku moja alikuja mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya jirani. Alikuja kuchukua keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Keki ilikuwa nzuri, nyeupe, imepambwa maua ya waridi. Mwalimu aliinama ayasome vizuri maandishi ya juu. Akanyoosha kidole.

Katikati ya ua moja, sisimizi alitoa kichwa. Akatazama huku na huku. Kisha akatoka mwingine.

"Mama Keki," mwalimu alisema polepole, "na hawa ni waalikwa?"

"Jamani! Ngoja niwatoe, mwalimu. Ni wawili tu."

"Ninaowaona ni wawili. Nisiowaona je?"

Mwalimu hakugombana. Aliaga kwa heshima, akaondoka mikono mitupu. Lakini maneno hayahitaji viatu. Kabla juma halijaisha, mtaa mzima ulikuwa unasema keki za pale zina nyama. Wateja wakaanza kupungua.

Mama Keki akatangaza vita. Alimwaga mafuta ya taa sakafuni. Sisimizi wakapita pembeni, na keki zikanuka mafuta ya taa. Bibi akamshauri amwage majivu mlangoni. Sisimizi wakapitia dirishani. Akashika kandambili, akawa anapiga ukuta kutwa nzima, pa! pa! pa! Mkono ukamuuma. Sisimizi wakazidi.

"Nitakuletea dawa," mumewe alisema. "Kuna mtu sokoni anauza kiboko yao."

Jioni fundi alirudi na chupa ya soda. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa. Haikuwa na karatasi wala maandishi yoyote.

"Inaitwaje?" Bibi aliuliza.

"Mwenyewe anaiita Maliza Ukoo."

"Na inapimwaje?"

"Mama, sumu ni sumu. Unamwaga, wanakufa."

Alimwaga. Walikufa. Mama Keki aliwafagia kwa furaha, akawatupa nje. Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alilala vizuri. Asubuhi aligonga kopo, akafunua. Hakuna! Akaimba. Akaoka. Alipokuwa anaosha vyombo mchana, akatupa jicho ukutani. Mstari mwembamba, mwekundu, ulikuwa unashuka kutoka dirishani.

"Baba Kitinda!" aliita. "Ukoo haujaisha!"

Fundi alikuja na chupa yake, akamwaga tena. Uani mteja akaita, baiskeli yake ilikuwa inasubiri. Fundi akaiweka chupa chini, kando ya mguu wa meza, kifuniko hakijakazwa, akatoka. Mama Keki naye akageukia jiko, kwani keki ilikuwa inaungua.

Ni Bibi aliyeona. Alipiga ukelele uliowaleta wote mbio.

Kitinda alikuwa ameketi sakafuni na ile chupa mapajani. Kifuniko kilikuwa pembeni. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa, cheupe. Alikuwa analia, mkono mmoja mdomoni.

Mama Keki alimnyakua. "Maziwa! Mpeni maziwa! Nimtie kidole atapike!"

"Usimtapishe!" sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Alifanya kazi ya kutunza ghala la nafaka, na kwa sababu hiyo walimwita Mama Ghala. Miaka yote alipambana na wadudu wa mahindi na maharage, na sumu alizijua, kwani kazini walifundishwa hatari zake. Ukelele wa Bibi ulikuwa umemvusha ua.

"Usimtapishe, wala usimpe maziwa," alisema. "Baadhi ya sumu zikipanda zinaunguza mara ya pili, au zinaingia mapafuni. Mvue nguo hiyo. Mfute mdomo. Mwoshe kifua na mikono kwa maji mengi na sabuni. Baba Kitinda, chukua chupa. Tunakwenda nayo hospitali."

"Chupa ya nini?"

"Daktari atauliza amekunywa nini. Utamjibu nini?"

Fundi aliiokota chupa, akaifunga kifuniko.

Hospitali kweli daktari aliuliza. Aliishika chupa, akaigeuza, akanusa kwa mbali. "Hii ni sumu gani?"

"Maliza Ukoo," fundi alisema kwa sauti ndogo. Mbele ya mtoto wake anayelia, jina hilo lilimchoma.

"Hilo ni jina la sokoni. Ndani mna nini?"

Hakuna aliyejua. Kwa hiyo ilibidi wakae na kungoja, huku muuguzi akija kila mara kumpima mtoto mapigo ya moyo na kumwangalia macho. Mama Keki hakuweza kukaa. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Fundi alisugua viganja vyake mpaka vikawa vyekundu. Mwishowe daktari akaja, uso wake umelegea. Sumu ilimwagikia gauni. Kama iliingia mdomoni, ilikuwa kidogo sana.

"Mmebahatika," alisema. "Mtoto akiona chupa ya soda, anaona soda. Msiweke sumu kwenye chupa ya kinywaji hata siku moja. Na msinunue sumu isiyo na maelezo."

Chupa ilibaki palepale hospitali. Wao walirudi nyumbani na mtoto amelala begani.

Kesho yake Mama Ghala alikuja kuwajulia hali. Alimkuta Mama Keki jikoni, kandambili mkononi, ameukazia ukuta macho. Mstari ulikuwa umerudi.

"Weka chini hiyo kandambili, dada yangu," alisema Mama Ghala. "Hebu tuwafuate kwanza."

"Tuwafuate? Mimi nataka wafe!"

"Hao unaowaua ni vibarua. Wametumwa chakula. Tajiri wao, malkia, amekaa shimoni anataga mayai. Ukiua vibarua mia, yeye anaajiri wengine. Ndiyo maana hata ile sumu haikusaidia. Ilimwagwa kwa vibarua, tajiri hakuguswa."

Bibi alicheka. "Kumbe tajiri ni tajiri tu, hata kwa wadudu."

Waliufuata mstari. Ulitoka kwenye kopo la sukari, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimepinda. Ukapita nyuma ya kabati, penye makombo ya keki ambayo ufagio haukuyafikia. Ukapanda ukutani hadi kwenye ufa kando ya dirisha. Walitoka nje. Uani mstari ulishuka, ukapita chini ya bomba lililokuwa likivuja, ukaingia kwenye lundo la matairi na mbao kuukuu ambalo fundi alikuwa ameliegemeza ukutani. Fundi aliinua ubao mmoja. Ardhi yote ikachemka sisimizi.

"Mungu wangu," alisema. "Nimewajengea mji!"

"Umewajengea," Mama Ghala alikubali. "Na mama mwenye nyumba anawapa chakula, na bomba linawapa maji. Wahamie wapi?"

Waliingia tena ndani. Mama Ghala aliomba kitambaa, maji na sabuni. Alifuta kipande cha ukuta, palepale mstari ulipopita. Sisimizi walipofika pale, walisimama. Wakazunguka. Wakagongana vichwa.

"Wamepotea!" Mama Keki alisema.

"Sisimizi anaacha harufu kila anapopita. Wenzake wanaifuata kama sisi tunavyofuata barabara. Ukimpiga kandambili, barabara inabaki. Ukifuta kwa sabuni, barabara inakatika."

"Basi nifute yote sasa hivi!"

"Ngoja. Leo barabara tunaihitaji. Tunataka vibarua wampelekee tajiri chakula chetu."

Fundi alitumwa kwenye duka la pembejeo, si sokoni. Alirudi na chambo cha sisimizi kwenye pakiti iliyofungwa, yenye jina la dawa, namna ya kutumia na onyo. Safari hii aliisoma yote kabla ya kuifungua. Ilikuwa sumu kidogo iliyochanganywa na kitu kitamu. Alivaa glavu, akaiweka kwenye vikopo vyenye matundu madogo. Vikopo alivificha nje, kando ya njia ya sisimizi, ndani ya tofali zenye uwazi, akaziba kwa jiwe zito. Kitinda asingeweza kufikisha mkono hapo, wala kuku. Pakiti iliyobaki ilifungiwa kwenye sanduku lenye kufuli. Kisha alinawa mikono kwa sabuni.

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote kwa Mama Keki. Kungoja.

Sisimizi hawakupungua. Waliongezeka! Mstari ukanenepa kama kamba. Walimiminika kwenye vikopo kama wenye njaa ya mwaka. Mama Keki alitoka, akarudi ndani, akatoka tena. Mkono uliwasha. Safari moja alikwisha kuinua kandambili.

"Mwache!" Bibi alimfokea. "Huyo amebeba mzigo wa tajiri. Ukimuua njiani, nani ataufikisha?"

Mama Keki aliishusha kandambili. Akaenda kutafuta kazi ya kuishughulisha mikono.

Na kazi ilikuwapo. Alihamishia sukari na unga kwenye makopo yenye vifuniko vya kukaza. Akasogeza kabati, akafagia nyuma yake. Meza ya kupambia keki aliiweka miguu kwenye vikopo vya maji ya sabuni, na kuanzia siku hiyo hakuna sisimizi aliyepanda meza ile. Fundi alibadilisha mpira wa bomba, uvujaji ukakoma. Tawi la mpera lililogusa paa alilikata, kwani nalo lilikuwa daraja. Kwenye majani yake walikuta wadudu wadogo laini, vidukari, na sisimizi wakiwalamba utamu wao. Mama Ghala aliwaonyesha kuyaosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo.

Taratibu, mstari ukaanza kukonda. Ukawa uzi. Ukawa sisimizi mmoja mmoja, aliyepotea. Siku Mama Keki alipokaa kitako kizingitini na asione hata mmoja, fundi alilihamisha lundo lake, akayainua matairi na mbao juu ya rafu ya vyuma mbali na ukuta. Chini yake shimo lilikuwa kimya. Hapo ndipo walipoosha njia yote kwa sabuni, kutoka dirishani hadi kabatini, na fundi akaziba ufa kwa simenti.

Lililobaki lilikuwa shimo dogo la sisimizi wakali, katikati ya njia ambayo Kitinda alipenda kuchezea. Hilo hawakulitilia sumu. Bibi alimshika mtoto ndani, fundi akamwaga maji yanayochemka, polepole, mbali na miguu yake na mbali na mizizi ya mimea. Wakatoka wachache tena. Akarudia, mpaka wakahama.

Mama Keki hakungoja mtaa usahau. Alimwendea mwalimu mwenyewe, akamwambia, "Njoo jikoni kwangu, ukague."

Mwalimu alikuja. Alifunua makopo. Aliinama chini ya meza. Alichungulia nyuma ya kabati, mpaka Bibi akauliza kama amepoteza kitu. Halafu alikata kipande cha keki, akakigeuza juu chini, akakila. Akakata kingine.

"Mwalimu," Bibi alisema, "hicho cha pili nacho ni ukaguzi?"

"Ni marudio, Bibi. Nataka niwe na hakika."

Alipoondoka, aliagiza keki ya mahafali ya shule.

Jioni ile Mama Keki alikwenda kumwaga maganda ya mayai mwisho wa ua, kwenye ukingo wa bustani. Alisimama. Chini ya fensi, kundi la sisimizi weusi lilikuwa linamburuta mende aliyekufa. Wengine walivuta, wengine walisukuma. Mumewe alikuja nyuma yake.

"Nilete maji ya moto?"

Mama Keki alifikiri. Mama Ghala alikuwa amewaambia kwamba sisimizi wa bustani wanakula wadudu wengi na kulegeza udongo, na hakuna haja ya kuwaua wote.

"Waache," alisema. "Hawa wanakwenda kwao, na mzigo wao ni mende. Sukari yangu hawajaigusa."

Wakasimama pale wote wawili, wakitazama mpaka mende akaingia shimoni, miguu mwishoni. Kisha Mama Keki aliketi juu ya jiwe kando ya mumewe, akapumzika. Mguu wake haukucheza.