Umetolewa, Ingia Tena

Saa kumi na mbili jioni walimu walikuwa wameshaondoka, na mlinzi alikuwa anafunga madirisha ya madarasa. Karani wa shule alibaki ofisini. Alimwambia mlinzi ana barua moja tu ya kumalizia, akajifungia.

Barua yenyewe haikuwapo. Alifungua jukwaa la mtaa mtandaoni, pale watu wanapoulizana fundi bomba mzuri ni nani na nani kamwona mbuzi aliyepotea, akaingia kwa jina lake la humo: Jicho Kavu. Hakuna aliyejua Jicho Kavu ni nani. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Miezi miwili nyuma, Jicho Kavu aliandika habari za mshonaji wa sare za shule, mjane ambaye kila mtu alimwita Mama Sare. Karani alikuwa amemposa mara mbili. Mara zote mbili alikataliwa kwa upole, akapewa kiti na maji ya kunywa, na upole ule ndio uliomkera, afadhali angetukanwa. Basi mtoto mmoja wa darasa la pili alipoanza kuanguka kifafa, Jicho Kavu akaandika kwamba mshonaji anatia nywele za maiti ndani ya mapindo ya sare. Aliandika kwa ufundi. Akaanza na "nasikia", akamalizia na "msininukuu". Siku ya tatu watu mia nne walikuwa wamejibu. Siku ya nne wakaenda kwa mjane, wakafunga mlango kwa nje, wakawasha moto.

Majirani wanasema cherehani iliendelea kulia humo ndani. Hata paa lilipoanguka, bado ilikuwa inalia.

Sasa binti wa Mama Sare alikuwa amerudi kutoka chuoni. Alipanga chumba kando ya shule, akanunua cherehani ya mtumba, na kazi yake kubwa ikawa kuuliza. Asubuhi ile alifika mpaka ofisini.

"Shikamoo, mjomba. Eti, Jicho Kavu unamfahamu?"

"Marahaba, mwanangu. Hata. Mambo ya mitandao mimi siyawezi."

Binti alimtazama kidogo zaidi ya inavyopasa, akashukuru, akatoka. Karani hakula mchana. Kufikia jioni alikuwa amekata shauri: binti naye aondoke.

Akaandika: "Ndugu wanajukwaa, nasikia mikoba ya Mama Sare imepata mrithi..." Maneno yalimjia yenyewe. Alieleza taa inayowaka chumbani kwa binti, vitambaa vyekundu, paka asiye na mkia. Alisoma tena, akatabasamu, akabonyeza "Tuma".

Muda wako umekwisha. Umetolewa. Ingia tena.

Maandishi yote yalikuwa yamepotea.

Alisonya, akampigia simu shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyelisimamia jukwaa lile.

"Shemeji, hili jukwaa lako limenifukuza."

"Umekaa sana bila kutuma," shemeji alisema huku anatafuna. "Nusu saa ikipita linakutoa, kama mgeni asiyejua kuaga. Andika kwanza pembeni, halafu unakili ubandike."

"Sijakaa nusu saa."

"Basi ni mtandao. Ingia tena."

Akaingia tena. Safari hii aliandika haraka, maneno machache. Kabla hajafika kwa yule paka...

Muda wako umekwisha. Umetolewa. Ingia tena.

Alitazama saa ya ukutani. Dakika nne.

Akafuata ushauri wa shemeji. Aliandika pembeni, akahifadhi, akanakili, akaingia. Alipokuwa anabandika alisikia kitu upande wa pili wa ukuta, kwenye stoo ya vitabu. Sauti ndogo, ya haraka.

Trrr... trrr... trrr.

Akaacha kubonyeza. Sauti nayo ikaacha. Akafikiri ni panya. Kisha ikamjia harufu, ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi ya moto.

"Mlinzi?" aliita.

Akageuka kuutazama mlango.

Aliporudisha macho kwenye kioo, kisanduku cha kuandikia kilikuwa kimejaa. Lakini yale hayakuwa maneno yake.

"Nasikia Jicho Kavu ni karani wa shule. Nasikia alimposa mjane, akakataliwa. Nasikia hakuna nywele zilizoonekana kwenye pindo lolote."

Chini yake kulikuwa na majina saba, ya watu waliokwenda na moto. Manne karani aliyajua, maana wenyewe walijitapa jukwaani. Matatu hakuwahi kuyasikia. Na mwisho kabisa:

"Msininukuu."

Alifuta. Yakarudi. Alifunga ukurasa. Ukafunguka wenyewe. Karani akapiga magoti chini ya meza, akang'oa waya ukutani, na kompyuta ikazimika kabisa. Alikaa pale gizani anahema, shavu kwenye mguu wa meza.

Simu ikatetemeka mfukoni.

Jicho Kavu ametuma ujumbe mpya. Majibu tisa. Majibu arobaini. Majibu mia moja na sita.

Alirudi kitini, akajaribu kuingia kwa simu ili aufute. Aliandika neno la siri nusu.

Muda wako umekwisha.

Herufi tatu.

Muda wako umekwisha.

Herufi moja.

Muda wako umekwisha.

Trrr... trrr... Safari hii haikutoka stoo. Ilitoka nyuma ya kiti.

Alitaka kuinuka, mkono ukakataa. Kitu kilikuwa kimevuta mkono wa shati, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa mezani. Harufu ya kuungua ikamjaa puani. Na karibu kabisa na sikio lake, sauti ya kike, ya upole uleule, ikanong'ona:

"Kaa sawa, baba... nisije nikakuchoma."

Mlinzi alivunja mlango saa moja na robo, baada ya kusikia ukelele. Alimkuta karani kitini, macho wazi. Mikono ya shati ilikuwa imeshonwa pamoja kifuani, na shati limeshonwa kwenye suruali, mishono midogo, iliyonyooka, isiyokosea hata mmoja. Nje ya geti watu walishaanza kukusanyika wakiwa na simu zao mikononi. Mlinzi akampitisha mlango wa nyuma, akamkimbiza kituo cha polisi.

Pale kituoni sajini wa zamu alimwingiza chumba cha mahojiano, akachukua mkasi, akakata nyuzi bila kuuliza. Kisha akafungua jukwaa kwenye simu yake.

"Majina haya umeyapata wapi?"

"Manne nayajua, afande. Hayo mengine wallahi siyajui."

Sajini akaanza kuyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. La kwanza. La tano. La sita. Alipofika la saba, midomo yake ikasogea lakini sauti haikutoka. Aliinuka, akafunga mlango kwa ndani, akarudi na kuinama mpaka pumzi yake ikamfikia karani usoni.

"Nani alikutajia hili la mwisho?"

"Afande, sikuandika mimi."

"Nani aliniona?"

Karani aliinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa anasikiliza. Sajini naye akasikia, akageuza kichwa polepole kuelekea ukutani. Pua yake ikacheza.

Alikimbilia mlango. Aliposhika kitasa alipiga yowe, na kiganja kikabaki kimenata pale.

Moto haukuonekana popote kituoni, wala alama ya moshi. Lakini sajini, kiganja kikiwa kwenye bandeji, aliandika maelezo yake mwenyewe kabla ya kupambazuka, bila kuulizwa na mtu: majina saba, la kwake likiwa la mwisho. Karani alikiri pia, na hata alipopelekwa rumande hakuomba dhamana. Binti wa Mama Sare alipoulizwa alisema jioni ile alikuwa amelala, na cherehani yake ilikuwa mbovu tangu asubuhi. Mkanda wake ulikuwa umekatika kweli. Polisi waliuona.

Watano wamekamatwa. Wawili walitoroka, kila mmoja na njia yake, na wanahamahama. Wenye nyumba waliowapangisha wanasimulia jambo moja: wapangaji hao hawaulizi maji wala umeme. Huuliza kwanza kama humo ndani kuna mtu anayeshona. Wakiambiwa hakuna, huomba waulizwe tena majirani.