Yarsa Moja na Punje ya Haragwe

Kila asubuhi, chai ikiwa bado mekoni, Phulsari alimpelekea mkwe wake Jaumati, aliyekuwa mjamzito, kijiko cha asali. Ndani ya asali ilikuwamo yarsa moja. Yarsa ni kuvu inayomla kiwavi chini ya ardhi, kisha huchomoza kichwani mwake kama njiti. Phulsari aliichimba mwenyewe kwenye malisho ya juu milimani Dolpa, akitambaa kwa magoti kwenye nyasi baridi. Zile nono za rangi ya dhahabu alikataa katakata kuwauzia wachuuzi.

"Meza, mwanangu."

"Mama, nikipata na yai je?"

"Yai la nini? Watu wanatoka nchi za mbali kuifuata hii. Nani alitoka mbali kufuata yai?"

Basi mayai yalikwenda sokoni, na maharage nayo. Jaumati alikula ugali kidogo wa shayiri na kumeza yarsa yake. Mimba ilikuwa kubwa, lakini uso wake ulizidi kupauka. Siku moja akazirai kwenye chemchemi, ndoo ikabiringika mpaka mtoni.

Phulsari aliingiwa na hofu. Zamani alijifungua mtoto mdogo mno, na mtoto yule hakuumaliza msimu wa baridi. Hakutaka kuzika tena. Akamwita jirani yake Sunkesari, mhudumu wa afya wa kijiji.

Sunkesari alivuta chini ukope wa Jaumati, akatazama.

"Damu imepungua. Anakula nini?"

"Yarsa! Kila siku ya Mungu."

"Na nini kingine?"

Phulsari akakohoa kidogo. Halafu akauliza jambo lililomkereketa miaka mingi. "Hebu niambie, ndani ya yarsa mna nini hasa? Naichimba tangu usichana, wala sijui."

"Lete mizani yako."

Phulsari akaleta mizani ndogo anayopimia yarsa. Sunkesari akaweka upande mmoja yarsa nono kuliko zote. Upande wa pili akaweka haragwe moja kubwa jekundu. Upande wa haragwe ukashuka.

"He!" Phulsari akabadilisha haragwe. Ukashuka tena. "Mizani hii mbovu."

"Mizani nzima, mama. Yarsa ina protini ya kujenga mwili, ni kweli. Haragwe nalo linayo. Sasa, nani ameshiba haragwe moja?"

Jaumati alicheka kitandani, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Lakini wanasema inazuia mwili kuzeeka," Phulsari akabisha.

"Wataalamu wameona ndani yake vitu vinavyokinga mwili usichakae, kama mafuta yanavyokinga mundu usishike kutu. Vitu vya namna hiyo vimo pia kwenye mboga za majani na matunda ya porini. Ila bado haijathibitishwa kwamba yarsa ni salama kwa mjamzito. Tena nyingine hubeba sumu kutoka udongoni. Aache kwanza. Ale maharage, dengu, mayai na mboga. Na twende zahanati akapimwe, apewe vidonge vya kuongeza damu."

Phulsari akakaa chini. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

"Kumbe nilikuwa namlisha njaa ya bei ghali!"

Kesho yake wakaenda zahanati. Yarsa zile za rangi ya dhahabu Phulsari akamwuzia mchuuzi wa kwanza aliyepita, akanunua dengu. Mayai hayakutoka tena nyumbani. Taratibu rangi ikarudi usoni mwa Jaumati. Miezi ilipotimia, alijifungulia zahanati mtoto wa kike mwenye mashavu manene, tena mwenye kelele nyingi.

Wanawake wa kijiji wakaja kumwona. Wakamvuta Phulsari pembeni.

"Usitufiche. Ulimpa dawa gani?"

Phulsari akawapeleka jikoni, akafunua sufuria. Wakainama, wakachungulia.

"Maharage na mboga? Basi?"

"Basi," alisema Phulsari, akachukua upawa. "Kaeni. Leo hamwondoki mpaka mle."