Joto la Mama Lisilobadilika

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili aliweka chai kwenye dirisha la chumba cha uani, akarudi nyuma hatua tano, akapiga kelele, "Mgonjwa wa uongo, amka!"

"Nani mgonjwa?" mama yake alicheka kutoka ndani. "Mimi fundi pampu, niko likizo!"

Mama alikuwa amerudi kutoka nchi jirani, alikofunga pampu za maji wakati ugonjwa wa kuambukiza ukienea huko. Kampuni yake ilimtaka akae peke yake siku kumi na nne. Kila asubuhi alipima joto, akataja namba, na Pilipili akaituma kwa simu kwa nesi wa kampuni. Nesi ndiye angeamua kama mama atatoka Ijumaa. Jumamosi Pilipili alikuwa na mashindano ya kuruka kamba, na mama, kwa safari zake, hakuwa amewahi kumwona akishindana.

"Thelathini na sita nukta tisa!" mama alitaja.

Pilipili akaandika nukta tano. Kama jana. Kama juzi.

Alhamisi nesi akaja mwenyewe, barakoa usoni. "Hebu niambie, bingwa. Siku kumi na tatu, joto lile lile! Hata ukuta huu jua likiwaka unapata moto. Mama yako kajengwa kwa saruji?"

Pilipili angeweza kusingizia kipimo. "Nilibadilisha namba," akasema. "Niliogopa ikipanda mtamwongezea siku."

"Ewe mtoto!" mama alifoka. Kisha daftari lenye madoa ya grisi likatua dirishani. "Nesi, mimi hata pampu naiandikia vipimo vyake. Nitajisahau mwenyewe?"

Nesi akavaa glavu, akafunua kurasa. "Zinapanda, zinashuka. Huyu ndiye binadamu! Na homa hakuna hata siku moja. Uligusa mgonjwa yeyote kule?"

"Niligusa mabomba tu."

"Basi kesho nakupima mwenyewe. Ukiwa sawa, unatoka." Akamgeukia Pilipili. "Sikia, mwanangu. Angekuwa na homa kweli, namba yako ingeificha mpaka nyumba nzima iugue. Namba ya kweli, hata ikitisha, ndiyo inayotuonyesha pa kuanzia kutibu."

Jumamosi mama alishangilia mpaka refa akamwonya. Pilipili alishika nafasi ya pili.

"Umeruka mara ngapi?" mama aliuliza, akimkumbatia.

"Mia mbili!"

Mama akainua nyusi.

"Haya. Mia moja sabini na tatu."

Mama akacheka, akatoa lile daftari la grisi, akaiandika namba hiyo.