Mashine Iliyoitika

Mlango ulikuwa wazi, jua la saa nane limejimwaga mpaka katikati ya chumba, na bado Walubengo alivua hedifoni akageuka kuangalia ni nani anabisha.

"Nyoki, kuna mtu mlangoni."

Nyokabi aliinua macho. Mlangoni kulikuwa na kuku wa jirani, basi. "Nani? Huyo kuku?"

"Wacha mchezo. Nimesikia akigonga. Na kiganja, hivi." Walubengo alipiga meza kwa kiganja kilichokunjuka, kwa haraka. "Halafu inalia kama mbao."

"Mlango wetu ni wa chuma, Walu."

"Si ndio nashangaa."

Walubengo alikuwa mtu wa boda boda, hajawahi kuogopa lori za barabara ya Turbo wala askari wa trafiki, lakini aliiweka ile hedifoni mezani polepole, kama mtu anayeweka chini kikombe alichokuta nzi ndani. Gemu yake hakuimaliza. Akasema ana mteja stendi, akaenda bila kuaga.

Chumba hicho kilikuwa sebule ya Otiende, hapo Langas, Eldoret, ambayo aliigeuza kuwa mahali pa kuchezea gemu. Yeye mwenyewe alilala chumba cha nyuma. Kompyuta zake zote zilikuwa za Linux, ule mfumo wa bure usio Windows, na mtaa ulimcheka kwa hilo. "Wewe Mjaluo wewe," Walubengo alizoea kumwambia, "hata kompyuta yako lazima iwe na maringo." Maana zamani, kucheza gemu kwenye Linux kulikuwa kama kuomba chumvi kwa jirani aliyekununia. Gemu zimetengenezewa Windows, wewe ni mgeni, na mgeni hana sauti. Otiende alizibembeleza moja moja mpaka zikakubali. Kisha ikaja Proton, ile programu inayosimama katikati na kuifanya gemu iamini kwamba iko kwao nyumbani, na ghafla karibu kila kitu kikacheza. Sebule ikajaa. Nyokabi, aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni na bingwa wa midahalo, alisimama mbele ya ukumbi mzima akauliza ni nani aliyeamua kwamba kitu cha bure ni cha watu duni.

Halafu wakasalitiwa.

Ile gemu iliyoleta wateja wengi kuliko zote ilikuwa ya kampuni moja ya ng'ambo, iliyowahi kutangaza kwa kinywa kipana kwamba watu wa Linux ni wa nyumbani. Julai ya mwaka elfu mbili na ishirini na mbili, ikaleta toleo jipya lenye mlinzi mkali, programu ya kunasa wachezaji wezi. Mlinzi akibisha kwenye mashine na kukuta Linux, anafunga. *Mfumo wako hautambuliki.* Basi. Hakuna kesi, hakuna rufaa.

"Yaani wezi wakipatikana wachache, nyumba nzima ni ya wezi?" Nyokabi aliwaka. "Hawaangalii umefanya nini, wanaangalia umetoka wapi!"

Alipolisema hilo, gari la kampeni lilikuwa likipita nje na vipaza sauti vyake, na yeye na Otiende wakangoja lipite. Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Nyokabi alikuwa Mkikuyu wa Langas, na hesabu za namna hiyo alizijua tangu utotoni.

Alikuwa na miaka saba, nyumba zilipochomwa baada ya uchaguzi wa mwaka elfu mbili na saba. Mama yake, Wamucii, alimbeba mgongoni mpaka uwanja wa maonyesho walikokusanyika wakimbizi. Kaka yake Kim hakufika. Kim na Otiende walikuwa wakitengeneza kompyuta pamoja, sahani moja, kitanda kimoja wakizidiwa na kazi. Siku ile, wengine wakikimbilia kanisani na polisi, Kim alikimbilia kwa Otiende. Waliupata mwili wake pale nje, kwenye mlango ambao siku hizo ulikuwa wa mbao.

"Alinitafuta, na mimi nilikuwa nimeenda Siaya kwa Krismasi," Otiende alimwambia Nyokabi alipokua, machozi yakimlengalenga. "Ningekuwepo, Nyoki, wangenipitia mimi kwanza." Na Nyokabi alimpenda kwa machozi hayo. Mama yake alipohamia Burnt Forest kulima viazi, Otiende ndiye aliyemshika mkono. Ndiye aliyemfundisha kibodi. Alimwita kaka, na hakuwa anaigiza.

Sasa mlinzi wa gemu alipowafungia, Otiende hakukubali. Aliketi siku kadhaa akaandika programu ndogo ya kusimama mbele ya mlinzi. Akaiita Itika. Mlinzi akiuliza chochote, je, wewe ni Windows, je, wewe ni yule ninayekujua, Itika inajibu ndiyo.

"Chochote?" Nyokabi aliuliza.

"Chochote kinachobisha. Maswali yao hubadilika kila mara, siwezi kuyajua yote. Nimeiambia ikubali tu."

"Huo si uongo, kaka?"

"Ni uongo wa kujiokoa. Mungu anauelewa."

Gemu ikafunguka, wateja wakarudi wakishangilia. Nyokabi naye alishangilia, ingawa moyoni kitu kilimkwaruza. Shosho, bibi yake, alimlea akimwonya: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Akiwa mtu atakuja. Asipokuwa mtu atakwenda zake. Na hapa walikuwa wameweka mashine kumi na kitu, usiku na mchana, zimwitikie yeyote.

Wiki haikuisha kabla ya Walubengo kusikia kiganja.

Baada yake walisikia wengine. Kila aliyevaa hedifoni alivua akageukia mlango. Kisha harufu ikaja, ya mahindi yaliyoungulia ghalani na mafuta ya taa juu yake, ikikaa kwenye pembe moja karibu na mlango na kukataa kuondoka hata wakifungua madirisha. Esther, anayeuza chapati hapo nje, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye harufu hiyo anaijua, na mwaka alioijulia hataki kuutaja. Alihamisha meza yake siku hiyo hiyo.

"Ni waya zinaungua," Otiende alisema. Lakini hakuikaribia ile pembe.

Nyokabi alikuwa peke yake, alasiri yenye mawingu, Otiende akiwa ametoka, alipofungua kidirisha cha Itika ili aone mlinzi anauliza nini. Kwa kawaida yalikuwa matakataka ya namba na herufi, na mbele ya kila mstari, *ndiyo*. Akayatazama yakipanda. Kisha katikati ya namba likaja neno, na baada ya neno swali zima, kwa Kiswahili.

*Joji uko?*

*Ndiyo.*

Nyokabi aliisogelea skrini. Otiende aliitwa George na mamake, Otiende na mtaa mzima. Joji aliitwa na mtu mmoja tu duniani, Kim.

*Uko ndani?*

*Ndiyo.*

*Unaniona hapa dirishani?*

*Ndiyo.*

*Mbona basi hufungui?*

*Ndiyo*, ikasema mashine, ambayo haikujua kusema lingine, na kwenye hedifoni iliyolala mezani kiganja kikaanza kupiga mbao, kwanza kwa adabu, kama mgeni anayejua wenyeji wako mezani, kisha kwa haraka, kisha kwa namna ambayo Nyokabi hakuwa amewahi kusikia mlango ukipigwa na hakutaka kusikia tena, kwa mikono miwili, na kwa bega, na kwa paji la uso.

Otiende aliporudi alimkuta nje, amekaa kwenye jiwe.

"Ulikuwa Siaya?" Nyokabi aliuliza.

"Nini?"

"Krismasi ile. Ulikuwa Siaya kweli?"

Akamwonyesha skrini. Otiende aliisoma mpaka chini. "Nyoki. Mashine hii inasema ndiyo kwa kila kitu. Iulize kama wewe ni ng'ombe, itasema ndiyo. Wewe ni mtu wa mdahalo, huo ni ushahidi gani?"

Na hapo Otiende alimshika. Shahidi anayekubali kila swali si shahidi; Nyokabi mwenyewe alishamwangusha mpinzani kwa hoja hiyo hiyo. Alitaka sana imwangushe na yeye. Ndiye aliyekuwa wake pekee mjini, huyu mtu; akimpoteza, anapoteza kaka wa pili, na mbaya zaidi, anagundua kwamba hajawahi kuwa naye. Akasema, "Sawa, kaka. Nimesikia." Lakini usingizi ulimkataa.

Ni Walubengo aliyemleta Mama Perez, mwanamke wa maombi wa kanisa la Roho, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani, kengele ndogo mkononi. Alikuja saa kumi, mvua ya mawe ikitishia. Walubengo mwenyewe alibaki kwenye pikipiki, akasema ataomba akiwa hapo hapo, Mungu hana mipaka.

Mama Perez alizunguka chumba, akasimama kwenye ile pembe, akanusa. Hakupiga kengele.

"Mlitaka nifukuze jini," alisema. "Huyu si wa kufukuzwa. Huyu alikwenda zake zamani, amechoka kubisha. Nyinyi ndio mmemwitikia. Nani alimwitikia?"

"Mashine, Mama," Nyokabi alisema.

"Mashine haina nyumba. Izimeni. Fungeni mlango. Akibisha, mwenye nyumba amjibu kwa kinywa chake na amfungulie kwa mkono wake. Ataingia, atapumzika, ataenda. Hana ugomvi mwingine."

"Hivyo tu?" Otiende aliuliza, na alijaribu kucheka.

"Hivyo tu, mwanangu. Kwani ni ngumu?"

Wakazima mashine zote. Feni zikatulia, moja baada ya nyingine, na ukimya ukaingia ambao chumba hicho hakikuujua kwa miaka. Otiende akafunga mlango wa chuma. Kisha mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati, giza likaja mchana kweupe, na chini ya kelele ile yote, wazi kama mtu anayekunong'onezea sikioni, mbao zikapigwa kwa kiganja.

"Joji," sauti ikasema. "Joji ndugu yangu, ni mimi. Fungua."

Nyokabi aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameisahau miaka kumi na minne, na akaijua mara moja. Alimgeukia Otiende amwambie nenda, kaka, nenda, na ndipo akaona.

Otiende alikuwa tayari amezima taa, na hakuwa amepapasa kuitafuta swichi. Alikuwa tayari ameteremka chini ya dirisha, mgongo ukutani, pale hasa ambapo mtu wa nje akichungulia hawezi kukuona, na kwa kidole cha mguu alikuwa ameuvuta upindo wa pazia uzibe ule ufa mdogo wa chini ambao Nyokabi, aliyepanguza dirisha hilo kila siku, hakuwa ameuona maishani, na alipumua kwa mdomo uliofunguka, polepole, ili pua isilie, na alikuwa amemkazia Nyokabi macho, kidole midomoni, kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi anayoijua vizuri, ambayo aliwahi kuifanya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hapa hapa, sakafu hii hii, mpaka nje kukanyamaza.

Hakuna swali lililobaki la kuuliza.

"Joji, wanakuja. Nawaona. Fungua."

"Mjibu," Nyokabi alisema.

Otiende alitikisa kichwa. "Watajua yuko hapa," alinong'ona. "Watachoma nyumba."

"Nani, kaka? Nani watachoma? Ni elfu mbili na ishirini na mbili!"

"Nyamaza, Nyoki, tafadhali, nyamaza…"

Mara ya pili. Alikuwa amepewa mlango ule ule na rafiki yule yule, bila panga wala moto nje, na alichagua vile vile.

Nyokabi alitembea mpaka mlangoni akaufungua. Mvua ilimpiga usoni. Hapakuwa na mtu, ila baridi iliyompita begani ikiingia ndani, yenye harufu ya mahindi yaliyoungua, na kwa kitambo kidogo kitu kilitua juu ya kichwa chake, kizito na kipana, kama kiganja cha kaka mkubwa. "Yuko ndani," alikiambia. Kisha akamshika Mama Perez mkono wakatoka.

Mlango ukajibamiza nyuma yao. Lile komeo la nje, wanalofungia kufuli wakiondoka, likateleza lenyewe likaingia.

Ndipo Otiende alipoanza kupiga. Kwa kiganja, kisha kwa mikono miwili, kisha kwa bega. "Nyoki! Nyoki dada yangu, fungua! Yuko hapa! Fungua!"

Mama Perez alikuwa amelowa mpaka ngozi. "Mwanangu," alisema, "utafanyaje?"

Nyokabi alisimama. Aliacha mawe ya mvua yampige, akamsikiliza mtu akiomba mlango, akajua sasa jinsi kunavyosikika kutoka upande wa pili, na jinsi mtu anavyoweza kusimama tu mpaka kwishe. Hakuna atakayeuliza. Alinyoosha mkono akashika komeo, akijiandaa kwa uzito wake.

Halikuwa na uzito. Mtoto angelisukuma kwa kidole. Na wepesi huo ndio uliomliza, si kubisha wala mzimu. Alilia kwa hasira mvuani, kwa sababu ya wepesi wa kile kichuma.

Akalivuta. Otiende aliangukia nje kwa magoti, viganja vimechubuka, akamkumbatia miguu akisema asante, asante, dada yangu. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu na kimya, na harufu haikuwepo tena.

Nyokabi aliinama mpaka sikioni kwake. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, na chini ya hiyo yake ilikuwemo nyingine, ya kiume, iliyochoka, na Mama Perez aliyesikia zote mbili alirudi nyuma hatua, kengele ikimlilia mkononi bila kuipiga.

"Umeona, Joji? Ni hivi tu."