Saluni Iliyoitwa Kwa Sadallah

Mtu mwenye akili timamu hasimami katikati ya njia ya Soko la Tandale asubuhi, magunia yakiwa yanashushwa. Farhan alisimama. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, tai ya bluu na viatu vilivyong'arishwa, na kifuani alikumbatia ubao wenye karatasi akawa anachora. Mwaka ule wa tisini na tisa vijana wa kompyuta walikuwa wachache mjini, na kila mmoja alitembea kama aliyeombwa na watu aje duniani.

"Pisha! Pisha mzigo!"

Hakupisha. Kuli akampitia na gunia la unga, na ile tai ya bluu ikawa nyeupe.

Zuena alikuwa pembeni akichagua nazi. Alicheka mpaka akairudisha nazi chini. Gauni lake la kitenge lilimbana pale lilipopaswa kumbana, na mtandio ulikaa begani badala ya kichwani, kwa sababu mwanamke mwenye saluni hafuniki biashara yake.

"We kaka, unapima kiwanja? Hapa hapauzwi."

"Nachora ramani, dada."

"Ramani ya Tandale? Kwani nani kapotea?"

Farhan alijifuta uso, akajieneza unga zaidi. "Inaingia kwenye intaneti. Kila sehemu naiwekea nukta nyekundu. Mtu yuko zake Ulaya, anaibonyeza ile nukta, inampeleka kwenye ukurasa unaomweleza hapo pana nini."

"Huo ukurasa unaandika wewe?"

"Hapana. Uko huko huko duniani, kauandika mtu mwingine. Mie naunganisha tu."

"Kwa hiyo nukta yako, maneno ya mwenzio."

"Ndiyo hivyo."

"Na unalipwa?" Zuena alimtazama kwa dharau isiyo na chuki. Hata hivyo alichukua pembe ya mtandio akamfuta ile tai, taratibu kuliko ilivyohitajika. Farhan alisikia harufu ya udi na mafuta ya nywele, akasahau soko lote.

"Nikitaka kukuona, sista, nakupata wapi?"

"Kinondoni. Nina saluni, nyuma ya duka la dawa la Mzee Gaudens."

"Panaitwaje hapo?"

"Nimeshakwambia. Nyuma ya duka la dawa."

Zuena alikuwa na sababu ya kutolitaja jina. Biashara huria iliporuhusiwa nchini, na kila mwenye mjomba Dubai akawa mfanyabiashara, mtu mmoja aitwaye Sadallah alifungua pale duka la televisheni na kaseti. Akavaa mkufu, akamwoa Zuena, kisha akaifuata mizigo yake Dubai asirudi. Talaka aliituma kwa mdogo wake, kama mtu anayerudisha sufuria la jirani. Zuena akaichukua fremu ile ya duka, akalipa kodi mwenyewe, akaleta vioo na madraya ya kukaushia nywele, akaandika ZUENA ukutani kwa rangi ya waridi. Watu wa Kinondoni, ambao hawakumbuki jambo lolote la maana, wakalisoma jina lile kila siku na wakaendelea kusema wanakwenda kusuka kwa Sadallah.

Ni jambo dogo kwa asiyehusika. Zuena lilimkera kila asubuhi alipofungua kufuli lake mwenyewe.

Farhan alifika kabla wiki haijaisha, akiwa amepotea sana njiani. Akafika tena, na tena. Siku ambazo hakufika alipiga simu, na simu pekee ya jirani ilikuwa ya dukani kwa Mzee Gaudens, mtu wa Bukoba aliyeipenda simu ile kuliko wateja.

"Shikamoo, mzee. Naomba Zuena."

"Marahaba. Jana si umempata?"

"Namhitaji tena leo, mzee."

"Zuena! Yule wa tai! Na msiongee mpaka simu ichemke!"

Zuena alikuja na kitana mkononi. "Sema, mtu wa Chamazi. Huko kwenu umeme umefika, au unapiga kwa kuni?"

"Umefika, laazizi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mie nakula sauti yako."

"Basi utakufa njaa, maana naikata." Wala hakuikata. Mzee Gaudens alikohoa mara nyingi siku hizo bila kuugua.

Kilichompendeza Zuena kuliko shati na tai ni kwamba kijana huyu hakuwahi kulitaja jina la Sadallah. Wanaume wote waliomtangulia walianzia hapo, ama kwa pole ya uongo ama kwa kuuliza kama mtalaka wake bado anatuma hela. Zuena alidhani Farhan anajua na ananyamaza kwa adabu. Akampenda kwa adabu hiyo.

Farhan hakunyamaza kwa adabu. Hakujua. Alikuwa mtu wa Chamazi, na umbea wa Kinondoni ulikuwa haujamfikia. Siku moja alimwuliza Mzee Gaudens jina la ile kona, kwa ajili ya ramani.

"Hapa ni kwa Sadallah," alisema mzee.

"Sadallah ndiye nani?"

"Alikuwa na duka hapo. Sasa yuko Dubai, anauza magari."

Ndoa na talaka Mzee Gaudens hakuzitaja. Aliona hayo ni mazungumzo ya wanawake, naye kazi yake ni kuuza dawa za minyoo. Farhan akalitafuta jina lile kwenye intaneti na kweli, Sadallah alikuwa na ukurasa. Farhan alijisifu ofisini siku nzima. Ukurasa wenyewe hakuusoma. Watu wa namna yake wakishaona kitu kimefunguka, hudhani wamekielewa.

Akamwita Zuena aje kuona. "Nina zawadi yako, mpenzi. Vaa vizuri."

Zuena alivaa. Alitia hina, akavaa gauni la zambarau lenye lesi na viatu vya kisigino, akafika ofisini akinukia kama bibi harusi. Bosi wa Farhan, Wilbert, alikuwapo, mtu aliyelitamka neno "wawekezaji" kwa sauti ambayo wengine humtajia Mungu. Katibu wake, Loveness, aliacha kuchapa ili amkague mgeni viatu.

"Hii ndiyo saluni yako," Farhan alisema, akionyesha nukta nyekundu kwenye kioo. "Dunia nzima inaiona. Tazama."

Akabonyeza. Ukurasa ulikuja polepole, kwa mistari, kutokea juu. Zilitangulia nywele zilizopakwa mafuta. Yakafuata paji la uso, miwani myeusi, halafu mkufu. Zuena alimtambua kwenye mkufu. Pembeni akatokea mwanamke mnene mwenye ufunguo wa gari, na chini kabisa maandishi: Nilianzia Kinondoni. Duka langu bado lipo pale, sasa ni tawi letu la Dar es Salaam.

"Sadallah Motazi!" Wilbert alishangilia, akilisoma jina la kampuni ya magari. "Tawi la kimataifa! Wawekezaji watapenda."

Zuena alimgeukia Farhan. "Umelipwa na nani?"

"Nini tena, mamii?"

"Nakuuliza, ni yeye aliyekutuma? Umekaa kwenye benchi langu, umekunywa chai yangu, kumbe unamchorea yeye tawi!"

"Zuena, huyo mtu mie simjui!"

"Humjui mume aliyeniacha? Kinondoni nzima inamjua, wewe tu msomi ndiye usiyemjua?"

Farhan alifungua mdomo, na kilichotoka ni ujinga mtupu. "Lakini... ndivyo watu wanavyopaita."

Zuena aliondoka. Loveness akarudi kuchapa, ameridhika.

Simu zilizofuata zilikuwa fupi. "Hataki," Mzee Gaudens alisema. Siku nyingine: "Kasema umpigie mtalaka wake, namba si unayo kwenye kompyuta?" Kijana akakonda, na tai akaiacha nyumbani. Zuena naye hakulala vizuri, ila yeye alikuwa na kazi ya kufanya na hakumwonyesha mtu. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

Hatimaye Farhan akafika saluni mchana, wanawake wamejaa chini ya madraya, mkononi ana karatasi aliyochapa.

"Ukurasa wa Sadallah nimeuondoa. Nimekuandikia wa kwako. Soma tu, halafu nifukuze."

Zuena aliisoma kwa sauti, ili wote wasikie. "Zuena, malkia wa Kinondoni, aliyeachwa na Sadallah lakini akasimama..." Akamrudishia. "Hata sifa zangu umezianzia kwake."

Wanawake wakacheka. Farhan hakujitetea. Hiyo ilikuwa akili yake ya kwanza tangu Tandale.

"Niambie basi niandike nini."

"Usiandike. Weka nukta, weka jina, Saluni ya Zuena. Mtu akibonyeza, isiende popote. Anayetaka kunijua aje akae kwenye benchi."

"Bosi atasema imeharibika."

"Basi chagua bosi wako ni nani."

Farhan akaenda akafanya hivyo. Wilbert alibonyeza, akabonyeza tena, akapiga kelele kwamba nukta isiyompeleka mtu popote ni aibu mbele ya wawekezaji, Sadallah arudishwe mara moja. Farhan akasema hamrudishi. Jioni hiyo alikuwa hana kazi.

Alirudi saluni akiwa na ubao wake tu.

"Umefukuzwa?" Zuena aliuliza.

"Nimefukuzwa."

"Kwa sababu ya nukta?"

"Kwa sababu ya nukta yako."

"Mjinga wewe," alisema Zuena. Akamsogezea benchi. Hakuna aliyewahi kupoteza kitu kwa ajili yake. Waliomjua walikuwa wa kuchukua.

"Nataka kukuoa, Zuena."

"Siendi Chamazi kuwa mke wa Farhan. Nimeshakuwa mke wa mtu, imetosha. Ukitaka, uje wewe hapa."

"Nitakuja."

"Watakuita mume wa Zuena."

"Si ndiye nitakayekuwa?"

Wanawake wakapiga vigelegele, Zuena akawaambia wafunge midomo rola zisilegee vichwani.

Wakafunga ndoa. Vijiwe vya Kinondoni vilicheka mpaka vikachoka: msomi wa kompyuta ameolewa, anashika ufagio, anabeba ndoo za maji. Vilicheka vikiwa vimekaa, kama kawaida yao, toka asubuhi.

Siku moja mgeni alisimama dukani kwa Mzee Gaudens, akanyoosha kidole kwa kijana aliyekuwa akifagia.

"Yule naye wa wapi?"

"Yule?" Mzee alikuwa anahesabu vidonge, hakuinua kichwa. "Yule wa hapo kwa Zuena."

Zuena alisikia. Alisimama na kitana hewani, mteja akauliza kulikoni. Alifurahi mpaka akaona aibu. Akaongeza sauti ya redio, akageuka mlangoni, akamwambia mumewe amebakiza nywele kwenye kona, arudie.